Gobore la Kwanza la Kuwindia Kulungu Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ikifika Septemba simu yangu huanza kulia. Wanaopiga ni Waswahili wenzangu wa hapa Ohio na majimbo ya jirani: madereva wa malori, wauguzi, vijana wa maghala, Wakongo waliowinda tangu utotoni na watu wa Dar ambao hawajawahi kushika hata manati. Wote wamesikia kwamba kuna msimu wa magobore, na wote wanauliza yale yale. Nimeyaandika hapa ili nami nipate nafasi ya kwenda porini.

## Mambo ya mwanzo

Gobore linalouzwa madukani Marekani ni lile lile la kwetu?

Ni ndugu wa baba mmoja. Kote kuwili baruti inamiminwa kwenye mdomo wa mtutu, risasi inafuata, mdeki unashindilia, na nyuma kuna kitu kidogo cha kutoa moto. Ila gobore la kijijini mara nyingi limefuliwa na mhunzi kwa bomba alilolipata, ndani ya mtutu ni laini tupu, na linakula chochote: gololi, vipande vya nondo, hata misumari. La huku limetoka kiwandani, mtutu wake umechongwa mifereji inayoizungusha risasi, na ukilitendea haki linapiga pale ulipolielekeza.

Majina ya vitu, kwa bahati nzuri, tunayo tayari. Babu zetu waliita bunduki ya jiwe gumegume, kijiti cha kushindilia mdeki, na kile kikofia cha shaba kinacholipuka fataki. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipobana uingizaji wa silaha Afrika, gumegume zisizo na mifereji ziliachiwa mlango, ndiyo maana silaha hiyo ilikaa kwetu muda mrefu baada ya Ulaya kuitupa. Kwa hiyo usijione mgeni sana dukani.

Kwa nini nihangaike na risasi moja moja wakati bunduki za kawaida zipo?

Kwa sababu ya siku. Majimbo mengi yametenga msimu wa magobore peke yake, nje ya msimu wa bunduki za kawaida. Kentucky ina siku mbili za Oktoba na nyingine tisa za Desemba. Ohio ina siku chache za Januari, baridi ikiwa imekolea. Pennsylvania tangu 1974 ina msimu wa gumegume tupu, na siku hizi unaanza baada ya Krismasi. Ukiwa na gobore unapata siku ambazo mwenzako mwenye bunduki ya kisasa anakaa nyumbani, na porini watu ni wachache.

Sababu ya pili ni yangu binafsi: risasi moja inakufanya ungoje. Sijui kama hiyo ni faida kwa kila mtu.

Huyu mnyama ni kulungu kweli?

Kwa jina tu. Kulungu wetu ana pembe za kudumu. Huyu wa Marekani, mwenye mkia mweupe kwa chini anaouinua kama bendera akikimbia, dume lake lina pembe zenye matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya. Waliotafsiri Biblia walimwita ayala, yule wa Zaburi ya 42 aioneaye shauku mito ya maji. Waswahili wa huku wanasema kulungu, nami nitasema kulungu.

Mimi mhamiaji naruhusiwa kununua?

Kwa sheria ya taifa zima, ile ya 1968, gobore la kawaida linalotumia baruti nyeusi au mbadala wake, na lisiloweza kugeuzwa kupiga risasi za ganda, limewekwa katika fungu la silaha za kale. Ndiyo maana katika majimbo mengi unalinunua bila zile fomu za kuchunguzwa, na hata linaletwa kwa posta hadi mlangoni.

Lakini jimbo lina sheria yake. New Jersey, kwa mfano, inalihesabu gobore kuwa bunduki kama bunduki nyingine. Na mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado hazijatulia, au aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, aongee na mwanasheria kabla ya kugusa silaha yoyote, ya kale au ya jana. Maneno ya muuza duka si ushauri wa kisheria, na haya yangu pia.

Kuwinda kwenyewe kunahitaji leseni ya jimbo, kibali cha kulungu, na kwa watu wengi kozi ya usalama wa wawindaji. Kozi ichukue mapema, maana nafasi huisha msimu ukikaribia.

## Kuchagua

Nianze wapi: bei, aina au ukubwa?

Anza na kitabu cha kanuni za uwindaji cha jimbo lako. Kipo bure kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori na kinabadilika kila mwaka. Nimeona watu watatu tofauti wakinunua gobore zuri kisha wakagundua haliruhusiwi kule wanakowinda. Mmoja wao alihamia Boise, Idaho, na gobore lake la Ohio, akalikuta kule ni pambo la ukutani kwa msimu ule.

Tazama tofauti zilivyo. Ohio haina taabu: darubini ruksa, aina yoyote ya kuwashia ruksa. Idaho, kwenye misimu ya magobore peke yake, inataka nyundo iliyo wazi, inakataa praima za 209 (viwashio vidogo vya kisasa vyenye moto mkali kuliko fataki), inakataa darubini, inataka baruti ya kumimina na si ya vidonge, na inakataa risasi iliyovishwa ganda la plastiki. Colorado nayo inakataa vidonge na maganda ya plastiki. Pennsylvania kwenye ule msimu wa gumegume inataka jiwe na chuma, basi.

Ukishajua jimbo lako limesema nini, nusu ya rafu dukani imeshajiondoa yenyewe.

Aina ni ngapi, na mgeni achukue ipi?

Ni tatu.

Gumegume: jiwe linagonga bamba la chuma, cheche zinaangukia baruti laini kwenye kisahani, moto unapenya tundu na kufika ndani. Kati ya kuvuta kifyatuo na mlipuko kuna kitambo, kidogo sana, lakini kinatosha bega lako kushtuka na bunduki kuyumba. Ni raha kubwa na ni mwalimu mkali. Kama jimbo lako halikulazimishi, usianze nalo.

La fataki: nyundo ya ubavuni inagonga kikofia cha shaba kilichovalishwa kwenye chuchu, yaani kile kichuma kidogo chenye tundu la kupitisha moto. Hili ndilo lenye sura ya bunduki za karne ya 19. Kampuni ya Thompson/Center ilitoa nakala ya bunduki ya kale iitwayo Hawken mwaka 1970 na ikarudisha umma wa wawindaji kwenye magobore. Linaaminika, linaruhusiwa karibu kila mahali, na ukilipata lililotunzwa la mtumba utakuwa umepata mali.

La kisasa, linaloitwa inlaini: kiwashio kimekaa nyuma ya baruti kwa mstari mmoja na mtutu. Moto hauna kona za kukata. Aliyelitia umaarufu ni Tony Knight, fundi wa Missouri, kwa bunduki yake ya MK-85 ya mwaka 1985. Mengi ya leo yanakunjika katikati kama bunduki ya marisawa, unaweka praima ya 209 kwa kidole, unafunga.

Kwa mgeni ambaye jimbo lake linaruhusu, mimi nasema inlaini ya kukunjika, ya bei ya chini, yenye kizibo cha nyuma kinachofunguliwa kwa mkono. Sisemi hivyo kwa sababu ya umbali inaofika, nasema kwa sababu ya usiku wa kurudi nyumbani. Unafungua kizibo, unatazama tundu kutoka upande hadi upande, unasafisha kama bomba la jikoni. Bunduki inayosafishika kwa urahisi ndiyo inayosafishwa.

Kaliba gani?

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu kwa inchi. Chukua .50. Kuna .45 na kuna .54, na wapenzi wake watakupa hotuba. Lakini duka la mji mdogo likiwa na aina tatu tu za risasi za gobore, zote tatu zitakuwa .50. Kwa kulungu inatosha na inabaki. Tazama tu kima cha chini cha jimbo: Colorado inataka .40 kwa kulungu na .50 kwa wanyama wakubwa kama elki, Idaho inataka .45 kwa kulungu.

Nasikia watu wanasema "moja kwa ishirini na nane". Ni nini?

Ni msokoto wa ile mifereji ya ndani. Maana yake risasi inazunguka mzunguko mmoja kamili ndani ya inchi 28. Msokoto wa haraka kama huo unafaa risasi ndefu na zile za ganda la plastiki. Msokoto wa polepole, moja kwa 60 au 66, unafaa risasi ya duara iliyofungwa kitambaa. Moja kwa 48 ni maridhiano kati ya wawili hao, na kama maridhiano yote hakuna anayefurahi kabisa, ila bunduki inapiga.

Hili si jambo la kitaalamu la kupuuza. Rafiki yangu alitaabika kiangazi kizima na risasi za duara kwenye mtutu wa 28, akilaumu macho yake mpaka akaenda kupimwa miwani. Namba hiyo imeandikwa kwenye mtutu au kwenye kijitabu. Isome kabla ya kununua risasi.

Niweke darubini?

Kama inaruhusiwa na macho yako yamevuka miaka arobaini, ndiyo, ndogo. Ya mara 3 hadi 9 inatosha kabisa. Kama hairuhusiwi, jifunze vilengeo vya chuma mapema, wala si wiki moja kabla.

Jipya au mtumba?

Inlaini jipya la kuanzia ni kama dola 300 hivi, na bei hupanda na kushuka. Mtumba ni rahisi zaidi, ila nunua kwa macho.

Kwanza kabisa, hakikisha halina kitu ndani. Sitanii. Magobore ya ukutani yenye baruti na risasi iliyoshindiliwa miaka ishirini iliyopita ni jambo la kawaida, maana aliyeliacha hakupiga siku ya mwisho ya msimu. Tumbukiza mdeki mpaka uguse mwisho, weka alama kwa kidole pale mdomoni, utoe, kisha uulaze nje ya mtutu sambamba nao. Ncha ikifika mpaka kwenye chuchu au kizibo, ni tupu. Ikiishia inchi chache kabla, kuna kitu kimelala humo.

Pili, kama kizibo kinatoka, kitoe na utazame tundu kwenye mwanga. Kutu nyekundu hafifu inaweza kusuguliwa. Vishimo ni vya kudumu. Kizibo kisipotoka kwa mkono wa muuzaji mwenyewe, mrudishie bunduki yake umshukuru.

Mke wangu au kijana wangu ataliweza?

Teke la gobore linategemea baruti uliyotia, na hapo ndipo lina huruma kuliko bunduki nyingine: unapunguza mwenyewe. Greni 60 (ndicho kipimo cha baruti, nakieleza hapo chini) badala ya 100 na bega linapumua. Punguza na umbali pia (tazama swali la umbali hapo chini). Kuna yenye kitako kifupi. Mwenye mikono mifupi akipewa kitako kirefu atajifunza kuogopa kabla hajajifunza kulenga.

## Baruti na risasi

Naweza kutumia baruti ya risasi za kawaida?

HAPANA. Hiyo ni baruti isiyo na moshi, na hata kijiko kimoja kinaweza kuupasua mtutu mbele ya uso wako. Gobore hutumia baruti nyeusi au mbadala uliotengenezwa kwa ajili yake. Bunduki chache mno zimejengwa kuhimili nyingine, na hakuna hata moja kati yake inayomhusu mtu anayesoma ukurasa huu. Usikubali baruti kutoka kwenye chupa isiyo na lebo, hata kama anayekupa ni shemeji yako.

Basi ninunue ipi?

Baruti nyeusi halisi ndiyo inayowaka upesi kwa cheche ndogo, kwa hiyo gumegume linaihitaji. Inauzwa kwa ukubwa wa chembe: FFg kwa kaliba za .50 na kuendelea, FFFg ni laini zaidi, na FFFFg ni ya kisahani. Kwa sheria za huku ni kilipuzi, hivyo maduka mengi hayaiweki.

Mbadala kama Pyrodex na Triple Seven hupatikana kirahisi, kwa unga au kwa vidonge. Kidonge cha kawaida cha .50 ni greni 50, viwili ni 100, huna haja ya kupima. Triple Seven ina nguvu zaidi, na mtengenezaji anashauri kupunguza asilimia 15 ukilinganisha na baruti nyeusi. Blackhorn 209 haichafui mtutu sana, lakini inataka praima ya 209 yenye moto mkali. Kwenye fataki za kawaida usiijaribu.

Ushauri wangu: kama jimbo linaruhusu vidonge, anza navyo. Vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi utanishukuru.

Greni ni nini, na ninapimaje?

Greni 100 za uzito ni gramu sita na nusu hivi. Lakini kwenye gobore tunapima kwa ujazo, kwa kikopo chenye alama, si kwa mizani. Kijitabu kikisema greni 90, ni kikopo kujaa mpaka alama ya 90. Mbadala ni nyepesi kuliko baruti nyeusi, kwa hiyo ukipima Triple Seven kwa mizani utakuwa umetia kupita kiasi.

Mimina kutoka kwenye chupa kwenda kwenye kikopo, kutoka kwenye kikopo kwenda kwenye mtutu. Kamwe usimimine kutoka kwenye chupa moja kwa moja. Kaa dogo lililobaki ndani likishika moto, mkononi utakuwa na bomu.

Inlaini nyingi za .50 hupiga vizuri kati ya greni 80 na 100. Kijitabu kinaweza kuruhusu 150. Kulungu hatajua tofauti, bega litajua.

Risasi ya duara, ndefu, au ya ganda la plastiki?

Fuata msokoto na kanuni. Ya duara kwa .50 huwa na kipenyo cha .490, uzito greni 177, na hufungwa kitambaa chembamba cha pamba kilichopakwa mafuta. Inafaa karibu. Risasi ndefu ya madini ya risasi pekee ni nzito, inapenya sana na inakubalika hata majimbo yenye kanuni kali. Ya ganda la plastiki ndiyo inayopiga mbali na kwa unyoofu kwenye inlaini.

Nunua pakiti mbili tofauti ndogo, piga tano tano za kila moja kwenye karatasi, na uiache bunduki ichague. Bunduki mbili za aina moja, zilizotoka sanduku moja, zinaweza kupenda risasi tofauti.

## Kushindilia na kupiga

Hatua za kupakia ni zipi?

Mdomo wa mtutu juu na mbali na uso wako. Pitisha kitambaa kikavu kutoa mafuta. Kisha piga fataki au praima moja au mbili tupu, ukiielekeza kwenye jani chini. Jani likiruka, njia ya moto iko wazi. Hatua hii mimi niliiona ya kijinga mwaka wangu wa kwanza. Dume lilisimama hatua thelathini kutoka kwangu, nikavuta, fataki ikalia *pa*, na baruti ndani imelowa mafuta niliyopaka jana yake. Tuliangaliana kidogo. Yeye ndiye aliyechoka kwanza akaenda zake.

Halafu: baruti. Gonga mtutu kwa kiganja itulie. Risasi. Ianzishe kwa kile kijiti kifupi, kisha mdeki, ukiushika karibu na mdomo na kusukuma shubiri kwa shubiri, usiukumbatie juu kabisa, maana ukivunjika utapita kwenye kiganja. Sukuma mpaka risasi ikae juu ya baruti bila nafasi. Nafasi kati ya baruti na risasi ni hatari inayoweza kuvimbisha au kupasua mtutu.

Ukishapata mchanganyiko wako, weka alama ya wino kwenye mdeki pale unapokutana na mdomo. Alama ya pili iwe ya mtutu mtupu. Kuanzia hapo mdeki wenyewe utakuambia kama umeweka mara mbili, hujafika chini, au umesahau.

Fataki ni ya mwisho, ukiwa tayari kwenye kiti chako cha kuwindia. Usipande mti na bunduki iliyovalishwa fataki. Ivute kwa kamba baada ya kufika.

Nipige kutoka umbali gani?

Umbali ambao risasi zako tano, kutoka mkao wa porini na si mezani, zinaingia kwenye sahani ya chai. Kwa risasi ya duara na vilengeo vya chuma usivuke yadi 75. Kwa inlaini yenye darubini watu hupiga 150, lakini kulungu wangu karibu wote wameanguka ndani ya 80.

Lenga nyuma ya bega, kwenye mapafu. Kisha jiandae kwa wingu. Moshi mweupe utafunga kila kitu mbele yako, na hutaona mnyama alikimbilia wapi. Chuchumaa haraka uchungulie chini ya moshi, na ukariri mti wa mwisho aliopita. Pakia tena kabla ya kwenda popote. Kama amekimbia, ngoja nusu saa.

Nimevuta, haikulia. Nifanyeje?

Usishushe. Kaa na mdomo wa mtutu ukielekea kule kule, uhesabu dakika nzima, kwa sababu baruti inaweza kuwa inafuka ndani na ikalia ghafla. Ndipo ubadilishe fataki, ujaribu tena. Ikigoma, dondoshea baruti laini kidogo chini ya chuchu, ujaribu.

Nimesahau baruti nikashindilia risasi peke yake.

Karibu kwenye chama. Kwenye inlaini, toa fataki, fungua kizibo, isukume risasi itoke. Kwenye mengine kuna skrubu ya kufunga kwenye mdeki ya kuing'oa, au kifaa cha gesi cha kuipuliza. Usitafute ubunifu mwingine. Kuchimba kwa drili haijawahi kuishia vizuri.

## Kusafisha na kutunza

Ni lazima nisafishe siku ile ile?

Ndiyo. Masizi ya baruti hunyonya unyevu wa hewani na kuanza kula chuma usiku huo huo. Maji ya moto na sabuni ya vyombo, vitambaa mpaka kitoke cheupe, kausha, paka mafuta mepesi. Kesho yake pitisha kitambaa kingine, utashangaa kinachotoka. Kizibo kipake grisi nzito kwenye nyuzi zake. Nilikiacha kimoja kikavu, na ilibidi fundi atumie moto na muda wa saa mbili kukitoa, huku akinitazama kama mtu aliyemnyima mtoto chakula.

Na kabla ya msimu ujao, kumbuka lile jani.

## Maswali ya pembeni

Mvua inanyesha. Niende?

Inlaini lililofungwa vizuri linavumilia. La fataki, paka nta au grisi kuzunguka fataki. Gumegume, libebe mtambo ukiwa chini ya kwapa na ubadilishe baruti ya kisahani kila baada ya muda. Mdomo wa mtutu ufunge kwa puto au utepe; utepe hauzuii risasi. Na usiingize bunduki kwenye joto la nyumba jioni ukaitoa tena asubuhi ikiwa na baruti: chuma baridi kikikutana na joto kinatoa jasho ndani.

Naweza kuliweka kwenye gari likiwa na baruti ndani?

Majimbo mengi yanalihesabu gobore kuwa tupu ukitoa fataki, praima au baruti ya kisahani, hata kama ndani mna risasi. Mengi, si yote. Kitabu cha kanuni kitakujibu kwa mstari mmoja.

Nasafiri kwa ndege kwenda kuwinda jimbo jingine.

Bunduki inaweza kupita kwenye sanduku la kufuli kwa utaratibu wa shirika la ndege. Baruti na fataki hazipandi ndege kabisa, si kwenye begi la mkononi wala la chini. Nunua ukifika, na kabla ya kukata tiketi piga simu duka la kule uulize kama wanazo.

Naweza kulipeleka nyumbani Tanzania au Kenya?

Sahau lile neno "silaha ya kale". Ni la Marekani. Tanzania gobore ni silaha inayotaka leseni, na polisi mara kwa mara hutangaza watu wasalimishe yasiyo na kibali. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977. Peleka picha.

Nyama yake ni salama?

Kata pande zote za njia ya risasi kwa ukarimu, madini ya risasi husambaa kuliko unavyoona. Pia kuna ugonjwa wa kukonda wa kulungu, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967. Haijathibitika kumwambukiza mtu, lakini idara za wanyamapori hushauri kupima kichwa katika wilaya zenye ugonjwa na kutokula aliyekutwa nao. Kipimo mara nyingi ni bure.

Ni halali?

Swali hili huletwa na watu wa pwani, na nilimpelekea sheikh kabla ya kujibu. Alianza kwa kunikumbusha kwamba neno bunduki lenyewe linatokana na bunduq, kile kitufe kidogo cha kurushwa, na kwamba wanazuoni wa zamani walikuwa na maneno kuhusu kitufe kinachoua kwa kuponda badala ya kupenya. Kuhusu risasi za leo wametofautiana. Wengi wanaikubali kwa kuwa inapenya, wapo wasiokubali mpaka umkute hai umchinje.

Alichonifundisha mimi ni hiki: piga bismillahi unapovuta kifyatuo, siyo unapopakia asubuhi. Ukimkuta bado ana uhai, chinja. Kwa hiyo nabeba kisu kikali, na wenzangu wasio Waislamu kambini wameshajua kwamba kulungu akianguka karibu, mimi ndiye wa kukimbia kwanza. Risasi ya pili lazima iwe imepakiwa kabla sijakimbia, tazama hatua hapo juu.